Kinamasi Kilichohamia Meath

Meath, 10 Mei 1936

Kaka Beartla,

Naamini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha tangu Machi kimeshakuachia. Sisi hatujambo. Feichín anakusalimu sana. Anasema shemeji yake asipooa mwaka huu atamtafutia mke wa hukuhuku Meath, mnene, mwenye ng'ombe wengi, asiyejua neno hata moja la lugha yetu, ili nyumba yako ipate amani. Neansaí anasoma vizuri. Shuleni anasema Kiingereza, nyumbani anasema lugha yetu, na akikasirika anazikoroga zote mbili pamoja. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Viazi vinaota mpaka tunaona haya. Huku unachimba shamba zima usigonge jiwe. Kinachotutesa ni moto. Ile mboji kavu ya kinamasi tunayochoma badala ya kuni, tuliyokuja nayo kwenye lori, ilikwisha kabla ya Krismasi, na huku hakuna mahali pa kuikata. Tunachoma makaa ya mawe. Mama anasema chai yake ina ladha ya reli.

Mashamba tuliyopewa na serikali yalikuja na namba tu. Mama alikataa katakata. Alisema, "Mtoto utamtumaje namba tatu? Akipotea utamwita vipi?" Basi ameyapa majina ya kwetu. La mbele ya nyumba ni Corrach, linalofuata Riasc, na lile la mwisho karibu na pampu ya maji ni Seascann. Wewe unajua majina hayo yametoka wapi, vinamasi vitatu vya njia yetu ya kisimani. Huku udongo ni mkavu kama mkate wa juzi, lakini nani atambishia?

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Mama anataka kurudi. Si kutembea, kurudi. Anasema alikuja kututazama tumefikaje, ametutazama, imetosha. Anajua nyumba yake na ardhi yake vilikwenda kwa jirani Learaí siku tulipohama, kwa hiyo atakaa kwako, kwenye nyumba ya marehemu mjomba. Anachotaka ni kuteka maji ya kisima chake kwa mkono wake mwenyewe. Niambie kama una nafasi. Niambie pia kama njia ya kwenda kisimani bado ni ileile.

Mdogo wako,
Báirbre


Eanach, Conamara, 21 Juni 1936

Báirbre mpenzi,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Mvua ilinyesha mboji ikiwa bado chini, tukaisimamisha upya yote ikauke, mgongo wangu sasa hauna hamu ya kalamu. Kikohozi kimeondoka, ahsante. Mwambie Feichín huyo mke mnene ampeleke kwanza kwa padri akamfundishe kupika samaki wa chumvi, ndipo tuzungumze. Mjane wa Tomáisín amefariki, kazikwa Jumanne, watu walijaa. Mbwa wangu amezeeka. Anawabwekea watu baada ya kuwa wameshapita.

Namba tatu! Nimecheka peke yangu. Na huyo wa kuita nyasi kavu Riasc ni Mama kabisa.

Nafasi ipo. Chumba cha nyuma kinavuja kidogo lakini nitakiezeka. Kisima kipo na maji yake ni yaleyale. Learaí si mtu mbaya, anahangaika na ardhi ile kuliko sisi tulivyowahi kuhangaika nayo. Majirani tulimpa siku zetu za kazi mwezi Aprili, mimi pia, kama desturi. Ndiye aliyenibebea mboji yangu na mkokoteni wake mwaka jana, ningekataaje?

Ila nakushauri msiharakishe. Mngoje nyasi zikatwe kwanza. Huku kuna unyevu sana mwaka huu, na Mama kifua chake unakijua.

Salamu kwa wote, na kwa ndama.

Kaka yako,
Beartla


Meath, 8 Julai 1936

Kaka Beartla,

Pole kwa msiba wa mjane wa Tomáisín. Mama amelia, halafu akauliza kama yule jogoo wake mkorofi bado yu hai.

Sisi wazima. Tumeanza kukata nyasi, na hapo ndipo vurugu lilipo. Mama ametufundisha upya mwendo wa nyumbani, kana kwamba tumeusahau. Corrach ni ardhi inayotetemeka, kwa hiyo mtu anavuka mbiombio bila kusimama. Riasc ni tope lenye vishungi vya nyasi ngumu, kwa hiyo mtu analizunguka kwa upande wa machweo. Seascann haingii mtu kabisa. Ng'ombe ndio wanaoruhusiwa, kwa sababu hawakubatizwa. Watoto wanatii yote. Juma lililopita Feichín alibeba mzigo wa nyasi mgongoni akakata moja kwa moja katikati ya Riasc, na Neansaí akapiga yowe, "Baba, utazama!" Mume wangu mzima akarudi nyuma, akazunguka.

Mzee Gogarty, jirani yetu wa hapa, alikuwa ameegemea lango lake anatutazama. Kesho yake dukani alikuwa na hadithi. "Hawa watu wa kinamasi," anawaambia wenzake, "serikali imewapa ardhi bora Ireland nzima, nao wanakwepa tope walilolileta mfukoni!" Watoto wa shule wamelidaka. Sasa wanamwita Neansaí Chura. Nilitaka kwenda kumpasha mzee huyo, Feichín akanishika sketi.

Neansaí na bibi yake hawaachani. Kila Mama anakokwenda, mtoto yupo mkononi mwake. Anamtungia uzi kwenye sindano, anamwambia nani anakuja barabarani, anammiminia chai ili isimwagike. Mama anasema ni mtoto mwenye adabu, basi.

Umeandika kuhusu unyevu na kifua. Mama anasema kifua chake kilizaliwa kwenye unyevu. Nilikuuliza njia, ukanijibu kisima. Njia vipi?

Báirbre


Eanach, 2 Agosti 1936

Báirbre,

Sisi wazima, yaani mimi na mbwa. Huyo Gogarty muache. Siku ng'ombe wake atakapozama mahali, utamwona anatafuta mtu wa kinamasi wa kumtoa. Mwambie Neansaí chura ni mnyama mwenye akili, ana nyumba mbili.

Learaí amepata nyasi nzuri mwaka huu, mahali ambapo baba yetu hakupata hata za kutandika banda. Watu wanakuja kutazama. Na mimi nimeshaezeka kile chumba.

Njia ipo. Mtu mwenye macho yake hapotei.

Nasema tena, mngoje. Septemba, au hata majira ya kuchipua. Nina kazi nyingi na sitaweza kumtembeza vizuri.

Beartla


Meath, 17 Agosti 1936

Kaka,

Hatujambo. Naandika haraka, Feichín anakwenda posta.

Mama hangoji. Nguo zake zimefungwa tangu Jumamosi, rozari iko mfukoni. Feichín atampeleka kwa basi tarehe ishirini na tano, atamfikisha mlangoni kwako na kurudi alfajiri inayofuata kwa sababu ya mavuno. Neansaí amelia mpaka amepata homa, anataka kwenda naye. Nimekataa, shule inafunguliwa.

Nakuomba jambo moja. Siku za mwanzo usimwache atembee peke yake. Amechoka tu, uzee. Mshike mkono japo atakufokea.

Báirbre


Eanach, 1 Septemba 1936

Báirbre,

Mama yu hai. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Alifika jioni, amechangamka, akala viazi na samaki, akawataja majirani wote waliokuja kumsalimia hata kabla hawajafungua mdomo. Kwa sauti ya viatu, nilikuja kujua baadaye. Wakati ule niliona ni uhodari. Moto wa mboji aliusogelea mpaka nikaogopa aproni yake itashika. Akasema, "Sasa ninanusa kitu." Nilifurahi, Báirbre. Kwa mwaka mzima nyumba hii haikuwa na mtu wa kuniambia viatu vyangu vinanuka.

Asubuhi nilitoka kumkamua ng'ombe. Nilimwambia, "Mama, ningoje, twende pamoja kisimani." Akasema, "Nenda, nenda." Niliporudi ndoo haikuwepo.

Uliponiuliza njia nilikuzungushia maneno, sasa sikiliza. Aprili Learaí alichimba mfereji. Kina chake kinamzidi mtu, unapita katikati ya Corrach yote hadi mtoni. Nilikuambia tulimpa siku zetu, ndiyo kazi tuliyoifanya. Nilishika koleo mimi mwenyewe. Maji yameondoka. Corrach haitetemeki tena, ni ngumu kama sakafu ya kanisa. Sikukuambia kwa sababu nilijua Mama akisikia hatakuja, na mimi nilitaka aje, na papo hapo niliogopa aje. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia mngoje. Sikuwa hata najua nangoja nini.

Mama alikwenda kama alivyokwenda maisha yake yote. Anasema alikuwa anangoja ardhi itetemeke chini ya mguu ndipo aanze kukimbia. Haikutetemeka. Akadhani bado hajafika, akaendelea taratibu, ndoo mkononi, akitembea juu ya Corrach yenyewe bila kuijua, mpaka akaingia mferejini.

Learaí alisikia ndoo ikigonga. Alimkuta amesimama ndani ya maji ya kifuani, anamtukana. Alimtoa kwa kamba ya ng'ombe. Mkono wa kushoto umevunjika kwenye kifundo. Daktari ameufunga. Kifua ni kizima, alisema kweli kuhusu kifua chake.

Sasa na mimi nakuuliza. Daktari alimpitishia taa machoni. Ananiambia Mama haoni, haoni kabisa, na si jambo la jana. "Amechoka tu, uzee." Uliandika hivyo kwa mkono wako. Ulinitumia mama kipofu kwenye kinamasi, Báirbre, ukaniambia nimshike mkono!

Beartla


Meath, 6 Septemba 1936

Beartla,

Salamu zitafuata, zikiwepo.

Ndiyo, haoni. Alianza kupoteza nuru tukiwa bado huko, na tangu Februari hana kitu. Aliniapisha kwa kaburi la Baba nisimwambie mtu, na wewe wa kwanza, kwa sababu alijua ukijua utasema abaki Meath. Nami niliona ana haki. Niliona pia kwamba njia ile anaweza kuitembea bila macho. Sote tulikuwa tunaitembea usiku wa giza tukitoka kuchota maji, hakuna aliyehitaji macho. Majina yalitosha! Ndiyo maana nilikuuliza kama njia ni ileile. Nilikuuliza mara mbili, nawe ukanijibu ndama na chura.

Wewe ulificha mfereji, mimi nikaficha macho. Mkono uliovunjika si wako wala si wangu. Tangu barua yako ifike sijala vizuri, na nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na mimi, na usiniandikie kunifariji maana nitaichana.

Neansaí amejua. Hajaniuliza kuhusu mkono. Ameuliza, "Nani anamwambia Bibi chini kukoje?"

Niambie Mama anasema nini.

Báirbre


Eanach, 4 Oktoba 1936

Dada yangu,

Sikufariji, nakupa habari tu. Mkono unaunga vizuri. Viazi nimevitoa vyote, vichache, vitamu. Mbwa alikufa wiki iliyopita, nimemzika nyuma ya banda.

Kwa wiki nzima Mama hakusema na mtu isipokuwa Mungu na daktari. Learaí anakuja kila asubuhi na maziwa, anasimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyeitwa mahakamani. Siku moja Mama akamwambia, "Ingia, wewe mchimbaji." Akaingia. Mama akamuuliza mfereji umeanzia wapi, umepita wapi, Riasc imebaki kiasi gani. Learaí akamweleza yote kwa upole. Corrach imekauka. Riasc imekauka, kumebaki pembe moja tu yenye maji. Seascann ataianza majira ya kuchipua akijaliwa.

Nilidhani atamlaani. Akamuuliza, "Nyasi ni nzuri?" Learaí akasema ni nzuri sana. "Basi wanao watakunywa maziwa," Mama akasema. "Mimi wangu walikunywa maji ya kisima na hadithi." Halafu, Learaí alipoinuka kuondoka, akamwambia hivi, nami nakuandikia neno kwa neno: "Usiwafundishe watoto wako majina yale. Yatawavunja mikono."

Alipotoka nilimwambia Mama nitamwekea daraja la mbao juu ya mfereji, na kamba ya kushika kutoka mlangoni hadi kisimani. Nilikuwa nimeshazinunua mbao, Báirbre. Akanitafuta uso kwa ule mkono mzima.

"Beartla," akasema, "nirudishe nyumbani."

Nikamwambia, "Mama, uko nyumbani."

Akasema, "Hapa kila hatua inanidanganya. Kule kuna mtoto anayepiga yowe baba yake akikanyaga Riasc."

Nitasema kweli, iliniuma. Niliezeka chumba. Niliizoea sauti yake ikinigombeza kuhusu viatu. Nilitoka nje nikakaa bandani na ng'ombe mpaka nilipoweza kurudi ndani na uso wa mtu.

Nitamleta mwenyewe, safari hii hatasafiri na mtu asiyejua kila kitu. Tutafika tarehe kumi na saba. Learaí ametoa nafasi kwenye lori la binamu yake, kwa hiyo tunakuja na mboji, yangu na yake, itawafikisha Pasaka. Anasema nikuambie anaomba radhi. Nikamwambia aandike mwenyewe, akasema hajui kuandika, nikamwambia basi achimbe kidogokidogo.

Sijawahi kufika huko. Usimtume mtu barabarani kutungoja, nitauliza.

Beartla


Meath, 25 Oktoba 1936

Kaka Beartla,

Natumaini ulifika salama na basi halikukutapisha kama lile lori la kuja. Sisi wazima kabisa. Mboji imejaa banda, nyumba inanuka kwetu, na Feichín ananyweshwa chai kila saa kwa sababu Mama anasema hatimaye ni chai. Mkono wake anaukunja. Gogarty alikuja kuomba vibonge viwili vya mboji, eti kuonja moto wetu. Nikampa. Akataka kuondoka kupitia Riasc, Neansaí akamkemea kwa Kiingereza chake kikali. Mzee akamtazama bibi kizee kipofu aliyekaa mlangoni, akavua kofia, akazunguka. Kule barabarani nasikia bado anatucheka, lakini anacheka akizunguka.

Kuna jambo ambalo hukuniambia, na safari hii silaumu, kwa sababu nadhani wewe mwenyewe hulijui.

Ile asubuhi yako ya kwanza hapa uliamka kabla yetu, ukachukua ndoo kwenda kuchota maji. Mlifika giza limeingia, ulikuwa hujaona shamba hata moja. Mama alikuwa ameshaamka. Alifungua mlango wa mbele, akanishika mkono nisiseme. Neansaí akaja na gauni la kulalia akasimama katikati yetu. Tulikutazama ukivuka Corrach kwa haraka haraka, ndoo ikikupiga gotini, bila kusimama. Ukafika Riasc, nyasi tupu, kavu, hata ng'ombe hakuwepo, ukapinda upande wa machweo ukaizunguka yote. Kwenye Seascann ukapita nje ya ua mpaka kwenye pampu. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, hakuna anayekuona, kwa unavyojua.

Mimi nilikuwa nalia, sikuficha. Mama haoni, lakini alikuwa ameinamisha kichwa anafuata viatu vyako njia nzima. Uliposhika mpini wa pampu akaniachia mkono.

"Amefika mzima," akasema. Akaenda kuweka chai.

Neansaí ananisumbua tangu siku hiyo. Anataka kujua nani alimwambia Mjomba kwamba pale kuna kinamasi, maana yeye alikuwa amepanga kukuonyesha mwenyewe baada ya uji. Nimemwambia swali hilo ni lako, nawe utalijibu Krismasi. Kwa hiyo huna njia, itabidi uje. Chumba hakivuji. Na ile kofia uliyoisahau Feichín anaivaa, wahi kabla haijachukua umbo la kichwa chake.

Mdogo wako,
Báirbre